Mhadhara ni Mahudhurio

Neno wanalotumia Waingereza kwa mhadhara lilitoka Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kusoma. Mhadhiri wao wa kale alisimama na kitabu, akasoma, wanafunzi wakanakili. Letu tumelipata kwa Waarabu, na ndani yake hamna kitabu. Ndugu zake ni hudhuria, hadhira, hadharani. Kwao shughuli ni ya msomaji; kwetu ni ya waliofika.

Ndiyo maana nikisoma habari za Marekani ya karne ya 19, naona watu wenye neno la Kiingereza wakifanya jambo la Kiswahili. Mwaka 1826, mjini Millbury, Massachusetts, Josiah Holbrook alianzisha chama cha wenyeji kuelimishana. Vyama vya aina hiyo vikaenea, vikabeba jina la shule ya Aristotle kule Athens, Lyceum. Nikipewa kulitafsiri sitahangaika na Kigiriki: ni baraza. Jioni ya baridi fundi, mkulima na mwalimu wanakaa pamoja. Mmoja anasema, wengine wanampima.

Chukua baraza la Concord. Julai 1846 mwandishi Henry David Thoreau alilazwa jela usiku mmoja kwa kugoma kulipa kodi ya kichwa, asije akaichangia serikali iliyolinda utumwa na kupigana na Mexico. Januari 1848 alisimama barazani kueleza mtu anadaiwa nini na dola. Mbele yake walikaa majirani, na usiku ule wa jela haukuwa siri mjini. Maneno yake yalichapishwa mwaka 1849. Gandhi na Martin Luther King walikuja kuyasoma, majirani waliyahudhuria.

Rafiki wa Thoreau, Ralph Waldo Emerson, aliacha uchungaji wa kanisa moja la Boston mwaka 1832, kisha akaishi kwa mihadhara na vitabu. Safari hiyo ya kutoka mimbarini lugha yetu inaijua. Khutba imebaki msikitini. Hotuba, pacha wake wa mzizi mmoja, imetoka nje ikaolewa na wanasiasa. Lakini alichotoa Emerson hakikuwa hotuba. Hotuba hungoja makofi na mawaidha hungoja toba. Mhadhara hukuachia swali la kwenda nalo nyumbani.

Siku hizi natumiwa sauti ya mtu aliyejirekodi peke yake chumbani, na juu yake pameandikwa "mhadhara". Humo naweza kupata elimu, sikatai. Ila nani kahudhuria? Tuite somo, tuite kipindi. Mhadhara tuuwekee watu waliofika, wakakaa, na wanaoweza kumwuliza msemaji usoni: wewe bwana, kodi hukulipa kwa nini?