Datsun 240Z: Hivi Ndivyo Utajua Kama Rangi Ni ya Kiwanda

Ukiona Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, usikimbie kusema hiyo ni rangi ya kiwanda. Hizo ni rangi za dinga za rally za Nissan, zile zilishinda Safari Rally mwaka wa 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Boneti ilipakwa nyeusi isiyong'aa ndio jua lisimchome dereva macho. Dinga ya kuuziwa raia ilitoka Japani na boneti ya rangi moja na bodi.

Sasa utajuaje? Kila rangi ilikuwa na namba yake: 918 ni ya machungwa, 904 ni nyeupe. Halafu fungua boneti. Kiwanda kilipiga sehemu ya injini rangi ileile ya bodi. Kama nje ni nyekundu na ndani ni nyeupe, hiyo ndai ilibadilishwa. Inua kapeti, vuta raba za mlango, chungulia nyuma ya dashibodi. Mafundi wengi hawafikangi huko. Ukipata rangi imerukia raba ama nati, jua kuna msee alipita hapo na spirei.

Na ukibahatika kupata yenye bado iko na rangi yake ya kwanza, hata kama imefifia na ina mikwaruzo, weka msasa chini. Osha, piga polishi polepole. Wanaonunua magari ya zamani huitafutia doh ya maana, juu ikishakwanguliwa, hakuna fundi anaweza kuirudisha. Atakupea tu kopi safi.