Kiti Ndani ya Behewa: Jinsi New Orleans Ilivyotenganishwa

Mwanzoni mwa mwaka 1867, mtu mweusi aliyetaka kupanda tramu mjini New Orleans ilimbidi kwanza atafute nyota. Tramu zilivutwa na baghala, na zile alizoruhusiwa kupanda zilichorwa nyota ubavuni. Zilikuwa chache, na Wazungu nao waliziingia walipotaka. Nyota haikumtengea mtu mweusi nafasi yoyote. Ilimzuia tu asiingie kwingine.

Mji huo ulianzishwa na Wafaransa mwaka 1718, ukapita mikononi mwa Wahispania, kisha Marekani ikaununua pamoja na Louisiana nzima mwaka 1803. Kufikia hapo lilikuwa limekwisha kuzuka tabaka la watu huru, wengi wao machotara wenye asili ya Afrika na Ulaya: waashi, maseremala, washona viatu, wanamuziki, hata wenye majumba. Mwaka 1809 na 1810 waliongezewa maelfu ya wakimbizi wa Saint-Domingue, Haiti ya leo, waliofika kwa kupitia Cuba. Walizungumza Kifaransa, walisali katika makanisa ya Kikatoliki, na kwenye mitaa kama Tremé waliishi mlango kwa mlango na Wazungu. Haikuwa pepo. New Orleans ilikuwa soko kubwa la watumwa, na baadhi ya watu hao huru walimiliki watumwa wao wenyewe. Hawakuwa na haki ya kupiga kura. Ubaguzi ulikuwepo kila mahali, ila ukuta wa sheria wa kuwagawa watu wa mji mzima katika makundi mawili ulikuwa bado haujajengwa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha na utumwa kufutwa, watu hawa ndio waliokuwa wa mbele kudai haki. Tangu 1864 walikuwa na gazeti lao la kila siku, New Orleans Tribune, la daktari Louis Charles Roudanez. Tarehe 28 Aprili 1867, William Nichols alipanda tramu isiyo na nyota, akatolewa kwa nguvu. Makampuni yakawaagiza madereva wasigombane na mtu: mweusi akiingia, tramu isimame mpaka achoke ashuke mwenyewe. Siku chache baadaye Joseph Guillaume alipanda tramu ya namna hiyo, akashika hatamu, akaiendesha mwenyewe. Umati ukajaa barabarani, na kabla wiki mbili hazijatimia tangu Nichols atolewe, nyota zikafutwa.

Mwaka uliofuata katiba mpya ya Louisiana ilipiga marufuku kutenganisha watoto katika shule za umma. Kati ya 1871 na 1877, takriban thuluthi moja ya shule za mji huo zilifundisha watoto weusi na weupe pamoja. Sijui jambo lililosahaulika kwa dhuluma kubwa kuliko hili. Desemba 1874 magenge ya vijana wa Kizungu yalivamia shule kuwatoa watoto weusi. Katika shule ya sekondari ya wasichana ya mtaa wa Royal waliwakagua wasichana na kuwafukuza wale waliowashuku kuwa na damu ya Kiafrika. Ilibidi wakague, kwa kuwa katika mji ule uso wa mtu haukueleza alitoka wapi. Majeshi ya serikali kuu yalipoacha kuilinda serikali ya jimbo mwaka 1877, shule zilitenganishwa tena.

Kisha ikaja sheria ya mabehewa, mwaka 1890. Treni za Louisiana zilitakiwa kuwa na mabehewa mbalimbali ya weusi na weupe, ya hali sawa. Kondakta ndiye aliyepewa mamlaka ya kuamua nani ni nani. Abiria mkaidi angetozwa dola 25 au kufungwa hadi siku 20. Kifungu kimoja kiliwaachia mayaya wanaolea watoto wa rangi nyingine. Mwanamke mweusi, basi, aliweza kukaa kati ya Wazungu akiwa amempakata mtoto wao. Alichokatazwa ni kukaa hapo kwa tiketi yake mwenyewe.

Septemba 1891 wananchi wa tabaka lile la zamani waliunda kamati ya kuipinga. Miongoni mwao walikuwa Louis Martinet, mwenye gazeti la Crusader, na Rodolphe Desdunes. Walichangisha karibu dola 3,000 na kumpata wakili Albion Tourgée. Walimchagua kwa makusudi mtu ambaye macho hayangemtambua: Homer Plessy, mshona viatu, ambaye sehemu saba kati ya nane za ukoo wake zilikuwa za Kizungu. Tarehe 7 Juni 1892 alikata tiketi ya daraja la kwanza kwenda Covington, akapanda treni kwenye makutano ya mitaa ya Press na Royal, akakaa behewa la Wazungu. Kondakta alipomuuliza, hakuficha asili yake, akakataa kuhama. Mpelelezi aliyemkamata alikuwa ameandaliwa na kamati yenyewe, ili mashtaka yawe ya sheria hiyo na si ya fujo.

Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu tarehe 18 Mei 1896. Majaji saba waliihalalisha sheria. Kama weusi waliona wanadharauliwa, walisema, hiyo ni tafsiri yao wenyewe. John Marshall Harlan peke yake alipinga. Januari 1897 Plessy alikiri kosa na kulipa dola 25.

Mlango ulikuwa umefunguliwa. Katiba ya jimbo ya 1898 iliwanyima weusi kura: waliojiandikisha walikuwa 130,334 mwaka 1896, na 5,320 tu mwaka 1900. Mwaka huohuo wa 1900 bodi ya shule ya mji ilikatisha elimu ya umma ya mtoto mweusi kwenye darasa la tano. Mwaka 1902 zamu ikawa ya tramu tena, sasa kwa kibao cha mbao chenye vijiti viwili, kilichochomekwa kwenye matundu ya mgongo wa kiti. Nyuma ya kibao waketi weusi, mbele weupe. Wazungu wakiongezeka, kibao kinasogezwa nyuma, na mama aliyekuwa ameketi na mizigo yake anainuka. Vibao hivyo viliondolewa kwa amri ya mahakama Mei 1958.

Shule zilichukua muda zaidi. Tarehe 14 Novemba 1960, wasichana wanne weusi wa miaka sita walianza darasa la kwanza katika shule mbili za Wazungu, wakisindikizwa na maofisa wa serikali kuu huku umati ukiwazomea. Ruby Bridges alikuwa peke yake katika shule ya William Frantz. Wazazi wa Kizungu waliwatoa watoto wao, na mwalimu Barbara Henry akamfundisha mtoto huyo mmoja mwaka mzima, katika mji ambao miaka 83 nyuma ulikuwa na madarasa ya watoto wote.