Stesheni ya Mpanda kwa Udongo na Vijiti

Wasikilizaji wetu, na tufanye mfano wa stesheni ya Mpanda, ili tujifunze habari zake za kale.

Upana wa reli yetu ni meta moja. Tukiifanya kila meta kuwa sentimeta moja, njia yote itokayo Kaliua, yapata kilometa 210, itataka vijiti vya kilometa mbili na zaidi! Basi tufanye mwisho wake tu: nyumba ya stesheni, mataruma, mabehewa, na miti ya miombo pande zote.

Twaulizwa, kwa nini reli ilipelekwa porini? Ni kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira. Ilitengenezwa baada ya Vita Kuu ya Pili, ikafunguliwa mwaka 1950. Miaka kumi baadaye machimbo yalifungwa. Reli ya Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya karanga, ilifungwa mwaka 1962 ikang'olewa. Ya Mpanda ilisalia, kwa kuwa watu walikuwa wakiitumia.

Kwa hiyo behewa la madini tuliweke kando, na mlangoni tuweke abiria na mizigo yao. Hao ndio walioiokoa stesheni.