Chipsi na Mayonezi: Nchi Iliyoweka Mafuta Kwenye Sheria

Wadau, kama unadhani wanaokusema kwa kula chipsi ndio wanoko wa kwanza, subiri. Ulaya ya karne ya 18 kuna watu walikuwa wanaogopa kiazi chenyewe, eti kinaleta ukoma! Ufaransa walikiona chakula cha nguruwe. Mfamasia mmoja wa jeshi ndiye aliyekitetea: alitekwa vitani, akalishwa viazi huko Prussia, akatoka mzima. Akarudi kwao kukipigia debe, na mwaka 1772 madaktari wa chuo cha Paris wakatangaza kwamba kiazi hakina madhara.

Na kweli hakina. Gramu 100 za kiazi cha kuchemsha ni kalori kama 87 tu, tena kina vitamini C na potasiamu. Mambo yanabadilika kwenye karai. Wabelgiji (ambao mpaka leo wanabishana na Wafaransa nani alianza) wanakaanga mara mbili, zamani kwa mafuta ya ng'ombe. Mara ya kwanza kiive ndani, ya pili kikauke nje. Maji yanatoka, mafuta yanaingia, kalori zinafika kama 300.

Sasa njoo kwenye mayonezi. Mwaka 1955 Ubelgiji ilitoa amri ya kifalme: isiitwe mayonezi kama haina angalau asilimia 80 ya mafuta na 7.5 ya kiini cha yai. Yaani mafuta ni lazima! Nia ilikuwa mteja asiuziwe ujiujiuji. Ila piga hesabu: kijiko kikubwa cha gramu 15 kina mafuta gramu 12, sawa na kalori 108. Vijiko vitatu tu umeshazipita zile gramu 100 za chipsi. Kiazi kinatukanwa bure.

Mwaka 2014 watengenezaji wa huko wakaomba sheria ilegezwe. Usidhani waliwaza kitambi chako, walikuwa wanabanwa na mayonezi za bei nafuu kutoka nje.

Kilichowatikisa Wabelgiji zaidi ni akrilamaidi, kemikali inayotokea kiazi kikikaangwa kwa moto mkali, ambayo wanasayansi wa Sweden waliigundua kwenye vyakula mwaka 2002. Umoja wa Ulaya ulipoandaa kanuni, waziri mmoja wa Flanders akaja juu kwamba chipsi zao zitauawa. Hazikuuawa. Kanuni zikaanza Aprili 2018: kaanga ziwe njano ya dhahabu, zisifike kahawia. Kuhusu mayonezi, hazikusema kitu.