Hati Isiyofunguliwa: Historia ya Siri katika *The Da Vinci Code*

Tangu riwaya ya Dan Brown, *The Da Vinci Code*, ichapishwe nchini Marekani mwaka wa 2003, wahakiki wameijadili kwa namna mbili kuu. Kundi la kwanza, ambalo wengi wao ni wanahistoria na wanatheolojia, limeorodhesha makosa yake. Kundi la pili limeiweka kando kwa hoja kwamba ni riwaya pendwa tu, na mtunzi wa hadithi hadaiwi ukweli. Makala haya yanashikilia kwamba pande zote mbili zimeliacha swali la msingi: je, msomaji aliyeelimika, ajuaye fika kwamba anasoma kazi ya kubuni, huaminishwaje kwamba amesoma historia? Kwa maoni yetu, jibu halimo katika siri yenyewe bali katika nafasi ya hati: mahali inapohifadhiwa, na jinsi inavyoachwa bila kufunguliwa.

Tuanze na ukurasa unaotangulia hadithi. Ukurasa huo unajitangaza kuwa ni ukweli mtupu. Unadai kwamba Priory of Sion ni chama cha siri kilichoasisiwa mwaka wa 1099, na kwamba mwaka wa 1975 Maktaba ya Taifa mjini Paris iligundua ngozi zenye majina ya wanachama wake, miongoni mwao Newton, Victor Hugo na Leonardo da Vinci.

Historia inasema vingine. Chama chenye jina hilo kilisajiliwa mwaka wa 1956 katika eneo la Annemasse, mashariki mwa Ufaransa, na jarida lake lilijishughulisha na haki za wapangaji wa nyumba za bei nafuu. Kiongozi wake, Pierre Plantard, alitaka atambuliwe kuwa mzawa wa wafalme wa kale wa ukoo wa Merovingi. Mwaka wa 1967 faili ya nasaba na maandishi yaliyopigwa taipu iliwekwa katika Maktaba ya Taifa. Haikuwa ngozi, wala haikugunduliwa. Ilipelekwa huko na kundi lililoibuni. Mwaka huohuo Gérard de Sède alichapisha kitabu kuhusu Bérenger Saunière, padri wa kijiji cha Rennes-le-Château aliyefariki mwaka wa 1917, akaonyesha nakala za ngozi zilizodaiwa kupatikana kanisani mwake. Baadaye Philippe de Chérisey, rafiki wa Plantard, alidai kwamba ni yeye aliyezitunga. Ama utajiri wa padri huyo, uliozua uvumi wa hazina, ulitokana kwa kiasi kikubwa na kuuza misa, kosa lililomfikisha mbele ya mahakama ya askofu wake.

Hapa pana jambo linalomhusu mhakiki moja kwa moja. Maktaba hushuhudia kwamba hati imepokelewa. Haishuhudii kwamba isemayo ni kweli. Waghushi waliitumia tofauti hiyo kwa ustadi, hata namba ya rafu ikageuka kuwa cheti cha ukweli.

Mwaka wa 1982 Michael Baigent, Richard Leigh na Henry Lincoln walichapisha *The Holy Blood and the Holy Grail*. Wao ndio waliouunganisha ukoo wa Plantard na dhana ya kizazi cha Yesu na Maria Magdalena. Riwaya ya Brown inawakumbuka katika jina la mhusika Leigh Teabing: jina la kwanza ni la Leigh, na la pili ni herufi za Baigent zilizopanguliwa. Baigent na Leigh walipomshtaki mchapishaji wa Brown mjini London, kesi yao ilitupiliwa mbali mwaka wa 2006. Kesi hiyo ilifichua utata wa kazi yao. Sheria ya hakimiliki hulinda namna ya kueleza, hailindi matukio ya historia wala mawazo ya jumla. Kadiri walivyosisitiza kwamba waliandika historia, ndivyo walivyozidi kupoteza haki ya kuimiliki. Hata jaji, Peter Smith, alificha msimbo wake mwenyewe ndani ya hukumu. Dalili ya jinsi mtindo huu wa usomaji unavyoambukiza.

Mtindo wenyewe ni upi? Katika riwaya hii kila taashira ni kufuli lenye ufunguo mmoja. Kijana asiye na ndevu aliye karibu na Yesu katika *Karamu ya Mwisho* ya Leonardo anafasiriwa kuwa ni Maria Magdalena. Lakini wachoraji wa Firenze walikuwa na desturi ya kumchora Yohana akiwa kijana laini wa uso. Msomaji asiyeijua desturi huiona siri pale palipo na mazoea. Hali kadhalika Teabing anadai kwamba katika Mtaguso wa Nikea, mwaka wa 325, uungu wa Yesu ulipita kwa kura chache. Mjadala wa Nikea ulihusu uhusiano wa Mwana na Baba, na maaskofu wawili tu ndio waliokataa katakata kutia sahihi pamoja na Ario. Mazingira ya kihistoria yakiondolewa, fumbo hubaki, yakirejeshwa, hutoweka.

Umberto Eco alikwisha kuliona jambo hili katika *Il pendolo di Foucault* (1988), ambamo wahariri watatu wanabuni njama kwa mzaha na kunaswa nayo. Katika fasihi ya Kiswahili, *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla inatupa kipimo kingine. Humo kifo kinahusishwa na mzimu, na Bwana Msa anakitoa katika hofu ya mahali patakatifu na kukirudisha mikononi mwa binadamu kwa kufuata ushahidi. Robert Langdon wa Brown anakwenda kinyume chake. Anaanza akiwa msomi na kumaliza akiwa amepiga magoti katika Louvre. Hati alizoziandama usiku kucha hazisomwi na mtu yeyote. Mrithi wa siri anamweleza kwamba thamani yake imo katika kutofichuliwa.

Huo ndio ufundi wa riwaya hii, na ndio upungufu wake. Hati isiyofunguliwa haiwezi kukanushwa. Mwanafunzi anayeileta darasani kama ushahidi hastahili kuchekwa, kwa kuwa amefuata hatua zilezile tulizomfundisha: ametaja hati, maktaba na mwaka. Tusichomfundisha ni kuuliza nani aliiweka hati hiyo hapo, lini, na kwa faida ya nani. Uhakiki usiouliza maswali hayo, hata ukiwa wa riwaya iliyo bora zaidi ya hii, utakuwa unasoma jalada tu.