Ufalme wa Mungu katika Ardhi ya Shaba

Kinsevere iko kilomita 30 hivi kaskazini mwa Lubumbashi, katika eneo la Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Siku hizi inajulikana kwa shaba, na kwa mgodi ambao kampuni ya MMG iliupata ilipoinunua Anvil Mining mwaka 2012. Wakristo wa huko, kama wenzao wa Katanga nzima, huomba katika Sala ya Bwana ufalme wa Mungu uje duniani. Neno hilo la mwisho halijapewa uzito wake, na historia ya Katanga inaonyesha hasara iliyotokana na hali hiyo.

Katika miaka ya 1920 mafundisho ya Watch Tower, shirika la Mashahidi wa Yehova, yalivuka mpaka kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, yakazaa vuguvugu la kidini la Kitawala. Kwa wafanyakazi waliobebeshwa kodi na kazi za shuruti, ufalme ulimaanisha mwisho wa utawala wa wazungu. Kiu yao ya haki ilikuwa halali kabisa. Lakini mwaka 1925 Tomo Nyirenda, mhubiri wa mafundisho hayo aliyejiita Mwana Lesa, yaani Mwana wa Mungu, aliugeuza ubatizo kuwa kipimo cha uchawi. Watu wengi wakazamishwa na kufa pande zote mbili za mpaka. Alinyongwa mwaka 1926. Katika Mathayo 13, mwenye shamba anawakataza watumishi wake kung’oa magugu kabla ya mavuno. Nyirenda alijitwalia mavuno hayo, na waliouawa walikuwa wanakijiji wasio na kinga.

Kanisa la wamisionari lilikosea kwa njia nyingine. Lilijenga shule na zahanati, na mchango huo haufutiki, ila lilisimama bega kwa bega na serikali ya kikoloni na kampuni ya migodi ya Union Minière. Tarehe 9 Desemba 1941 askari waliwafyatulia risasi wafanyakazi waliogoma Elisabethville, Lubumbashi ya leo, wakidai mishahara, wakaua makumi yao. Kanisa linalojiona kuwa ndilo ufalme wenyewe hupata shida kuhukumu mauaji ya namna hiyo, kwa kuwa linakula meza moja na watawala.

Katika miaka ya 1950, padre Placide Tempels na wafanyakazi wa migodi karibu na Kolwezi walianzisha vuguvugu la Kikatoliki la Jamaa. Hapa ufalme ulionekana katika umoja wa mume na mke, na katika watu kuitana baba na mama bila kujali kabila wala rangi. Kwa mtu ambaye kampuni ilimhesabu kama nguvu kazi tu, hilo lilikuwa ukombozi wa kweli. Jamaa inastahili heshima kubwa. Hata hivyo ilijiweka kando na siasa, na suala la mshahara likabaki nje ya mafundisho yake.

Mwanateolojia Oscar Cullmann alifundisha kwamba utawala wa Mungu umeshaanza katika Kristo ingawa haujakamilika. Msimamo huo unaikosoa Kitawala, kwa kuwa hukumu ya mwisho si yetu. Unalikosoa pia Kanisa lililotosheka, kwa kuwa ufalme ni mkubwa kuliko taasisi yoyote. Wala hauruhusu kuugeuza ufalme kuwa ahadi ya gari na nyumba kwa mtoa sadaka.

Basi wahubiri wa Kinsevere na Lubumbashi waliweke hili wazi mimbarini: fidia ya mkulima aliyepoteza shamba, maji safi ya kijiji na ujira wa mchimbaji ni sehemu ya ombi la Sala ya Bwana. Wayafundishe hayo kwa waumini wote, wakiwemo mameneja wa migodi na maofisa wa serikali wanaosali pamoja nao.