Land Cruiser ya zamani hunywa mafuta kiasi gani hasa?

Katika nyua nyingi za Oman bado ipo Land Cruiser ya mfululizo wa 80, ile ya miaka ya 1990 yenye injini ya petroli ya silinda 6, lita 4.5. Aghalabu haiko tena kama ilivyotoka kiwandani: imenyanyuliwa, imefungwa tairi kubwa, bampa la chuma na keria juu. Waulize wenyewe watatu inakula kiasi gani, utapata majibu matatu yaliyo mbalimbali kabisa. Sehemu ya tofauti hiyo haitoki kwenye injini. Inatoka kwenye mita.

Tairi ya asili, 275/70R16, ina kipenyo cha karibu milimita 791. Ukifunga 315/75R16, ambayo watu huiita ya inchi 35, kipenyo hufika karibu milimita 879, yaani asilimia 11 zaidi. Kila mzunguko gari huenda mbali zaidi, na mita haina habari. Ikionyesha kilomita 400, kwa kweli umekwenda kama 444. Ikiwa umetia lita 84, kwa mita ni lita 21 kwa kilomita 100. Kwa kweli ni karibu 19. (Spidi nayo husomeka pungufu, na rada za barabarani hazijali ukubwa wa tairi zako.) Linganisha mita na GPS ya simu katika safari ndefu, upate kiwango cha kuzidishia.

Upimaji wenyewe ni mwepesi. Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, tembea kilomita mia kadhaa, kisha jaza tena vivyo hivyo, ikiwezekana kwenye pampu ile ile. Gawa lita kwa kilomita za kweli, zidisha kwa 100. Tangi moja halitoshi. Chukua wastani wa matatu.

Gari nzima ya aina hii, isiyobadilishwa, kutumia lita 16 hadi 20 si jambo la kushangaza. Ikizidi sana hapo, usikimbilie kuilaumu injini kuwa imechoka. Kosa moja la gereji za nchi za joto ni kuondoa themostati ili injini "ipoe". Kompyuta huona injini haijapata moto, basi huendelea kuongeza petroli, safari nzima. Sensa ya oksijeni iliyokufa huleta hasara kama hiyo, na breki inayoshika pia.

Barabarani adui ni upepo. Kutoka kilomita 100 kwa saa kwenda 120, nguvu ya upepo unaoipinga gari huongezeka kwa asilimia 44, na keria iliyojaa madumu huzidisha. Uzito huumiza zaidi mjini na kwenye mpando wa Jabal Akhdar kuliko katika tambarare ya Haima.

Kabla ya ruzuku kuondolewa Januari 2016, petroli ya super ilikuwa baisa 120 kwa lita, na wachache walijisumbua na hesabu hizi. Serikali ilipoweka kikomo cha bei mwishoni mwa 2021, M91 ilikuwa baisa 229. Maskati hadi Salala ni kama kilomita 1,000. Kwa lita 19 na kwa bei hiyo, ni zaidi ya riyali 43 kwenda tu.

Lakini mchangani hesabu si ya fedha. Katika mchanga laini, tairi zikiwa zimepunguzwa upepo, matumizi yanaweza kufika maradufu. Tangi la lita 95 linalokupeleka kilomita 500 kwenye lami litakupa 250 tu, na mshale wa mafuta hudanganya gari ikiinama juu ya tuta. Kwa hiyo anayeingia Ramlat al-Wahiba au Rub' al-Khali na familia apange kwa lita za mchangani, na theluthi ya mafuta aliyobeba asiitie katika hesabu: hiyo ni ya kurudia, au ya kumtafuta mwenzake aliyekwama.